Rangi mpya, ukuta mbichi

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja itazamwe mwezi wa Aprili, masika yameshakolea na vichochoro vimejaa maji. Lakini nani anatafuta nyumba kwenye mvua? Watu wanahama wakati wa kaskazi, Januari au Februari, jua linachoma, kuta zimekauka, rangi bado inanukia, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sisi tulihamia Kiponda wakati huo huo, mimi, mume wangu na binti yetu: ukumbi, vyumba viwili na jiko, vyote vya chini. Rangi ilikuwa ya maziwa, ile ya plastiki ambayo dukani wanakwambia inaoshika. Ilipendeza. Siku hizi nikiona rangi mpya kwenye ukuta wa chini wa nyumba kongwe, nauliza ilipakwa lini na chini yake pana nini.

Kabla ya macho kuona chochote, pua ilijua. Unafungua mlango baada ya kushinda kazini, unapokewa na uvundo wa nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Nikachoma ubani, nikachoma udi. Nyumba ikawa na harufu mbili. Kisha rangi ikaanza kuumuka nyuma ya kochi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka kwa kisauti, na ndani yake unamwagika unga mweupe, laini kabisa. Niliuonja. Chumvi tupu. Kila asubuhi nilifagia mstari wa unga ule kando ya ukuta, na kesho yake ulikuwepo tena, hata wiki ambazo mvua haikudondoka.

Chumbani ilikuwa habari nyingine. Pembe ya juu, upande wa kitanda, palitoka madoa meusi madogo madogo, yakatanda yakashuka hadi nyuma ya kabati. Siku tuliyolivuta kabati lile, ubao wake wa nyuma ulikuwa umeota kuvu ya kijivu yenye manyoya. Kofia za mume wangu, za viua, alizoshonewa na mama yake, zilikuwa na kidoa cha kijani kwenye kila tundu la sindano. Viatu vya ngozi vimevaa ukungu mweupe. Godoro upande wa ukutani lilikuwa baridi na zito, na binti alikuwa ameanza kukohoa usiku.

Nikamwendea mwenye nyumba kwake, mtaa wa Ng'ambo, jioni baada ya magharibi. Ni mzee wa heshima zake, nami nilikwenda kwa heshima.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?”

Nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. “Nyumba ile imekaa watu miaka mia na kitu. Nyinyi wa siku hizi mnafunga madirisha, mnapika ndani, mnaoga saa nzima. Ukuta hauna kosa, mwanangu. Lakini nitakuletea fundi.”

Neno la kuoga lilinichoma, kwa sababu nilishalisoma mahali pengine. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Desemba 2020 kwa maradhi ya njia ya hewa. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba yalisababishwa na kuishi muda mrefu katika fleti iliyojaa kuvu. Baba yake alikuwa akilalamika tangu 2017, na aliambiwa apake rangi juu yake. Katika uchunguzi ilitoka pia kwamba wenye nyumba waliishikilia dhana kuwa tatizo ni maisha ya familia yenyewe, pamoja na namna walivyodhaniwa kuoga kwa ndoo. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria, na kifungu kinachoitwa kwa jina la mtoto huyo kilianza kutumika Oktoba 2025: nyumba za kijamii, zile za kupangisha kwa kodi nafuu, zenye hatari ya dharura zishughulikiwe ndani ya saa 24. Rochdale ni baridi na Unguja ni joto, na nyumba zao si za matumbawe. Lakini lawama ni ile ile, na dawa ya kwanza ni ile ile, kopo la rangi.

Si kwamba mpangaji hana mchango wowote. Ukianika nguo ukumbini wakati wa masika, maji yale yanakwenda wapi kama si ukutani? Ila mvuke wa sufuria haupandi kutoka sakafuni na kutoka na chumvi.

Fundi wa Mzee alikuja kweli, na hapo ndipo mambo yalipoharibika sawasawa. Alibandua lipu iliyoumuka, akapiga saruji mpya, nzito, yenye dawa ya kuzuia maji, hadi usawa wa kiuno. Kazi safi, ukuta umenyooka. Masika hayajesha, rangi ikaanza kuumuka tena, safari hii juu ya saruji, usawa wa kifua changu. Maji yalikuwa yamezibiwa njia ya kutokea chini, yakapanda kutafuta nyingine.

Jirani mmoja akanielekeza kwa fundi mzee wa Mkunazini, mwashi wa chokaa tangu ujana wake. Alikuja mikono mitupu. Akagonga ukuta kwa fundo la kidole, akaenda akigonga kuanzia mlangoni hadi dirishani, akawa anasikiliza. Pale penye saruji palilia wazi, maana ilishaachana na jiwe. Akasema, “Umemvisha mtu koti la mvua, ukamkimbiza juani, halafu unauliza mbona kalowa.”

Baada ya hapo alikaa barazani akanifundisha nyumba ninayoishi. Kuta za Mji Mkongwe, nene nusu mita na kuzidi, ni mawe ya matumbawe yaliyolazwa katika chokaa na udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe lina vitundu kila mahali, linanyonya. Chini ya ukuta hakuna kizuizi chochote kati yake na ardhi, kwa hiyo maji yanapanda, kwa kawaida mita moja au zaidi kidogo, kabla ya uzito na ukaukaji kuyasimamisha. Waashi wa zamani walilijua hilo na hawakupigana nalo. Walipaka lipu ya chokaa, laini, yenye kupumua, na juu yake chokaa ya maji, inayorudiwa kila mwaka kabla ya sikukuu. Maji yakipanda yanatoka kama mvuke, chumvi inabaki kwenye lipu, lipu inachakaa, inabadilishwa. Ndiyo inayolika ili jiwe lisalimike. Saruji imegeuza mpango huo: yenyewe haipitishi, inabaki nzima, na kinacholika ni jiwe na kile kilichojengewa ndani yake.

Na ndani yake mna boriti. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kama mita tatu hivi. Upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa mti. Kichwa cha boriti kimekaa ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa mbichi mwaka baada ya mwaka, kichwa kile kinaoza, au mchwa wanakigundua, na anayelala chini yake hana habari. Kila masika hukosi kusikia kuwa ukuta fulani umeanguka. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Sisemi chanzo kilikuwa kimoja na cha kwetu. Nasema tu kwamba tangu siku ile sikulala vizuri nikisikia mchanga unadondoka darini.

Kilichonishangaza zaidi ni hadithi ya chumvi. Nilidhani chumvi ni dalili tu, kumbe nayo ni chanzo. Chumvi ya kawaida, hii ya jikoni, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 huanza kuvuta maji hadi ikayeyuka. Hewa ya Unguja hupita kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku. Kwa hiyo ukuta uliojaa chumvi unalowa hata bila mvua, unakauka mchana jua likitoka, na kila unapokauka chumvi inaganda upya, inatanuka, inaisukuma lipu. Ndiyo sababu ya unga wangu wa kila asubuhi. Na ndiyo sababu fundi alinikataza kuuosha ukuta. Chumvi inapigwa burashi kavu, inafagiwa, inatolewa nje ya nyumba. Ukiimwagia maji unairudisha ndani ikalale.

Kuvu ni kinyume chake: haipigwi burashi kavu hata siku moja, maana unaipeperusha chumba kizima na unaivuta kifuani. Inafutwa kwa kitambaa kibichi, umevaa barakoa, madirisha wazi, mtoto yuko kwa bibi yake. Wengi wetu tunakimbilia jiki. Kwenye kigae inafaa. Kwenye lipu inang'arisha doa, mizizi inabaki ndani, na baada ya muda mfupi doa linarudi. Na tafadhali, jiki haichanganywi na siki wala na sabuni yenye amonia. Gesi inayotoka hapo ni ya hatari, na vyoo vyetu ni vidogo.

Lakini madoa ya chumbani yalikuwa juu, si chini, na hilo lilimsumbua fundi. Maji ya ardhini hayaruki ukuta mzima yakaenda kuketi pembeni mwa dari. Akaniambia nichukue karatasi ya foili, ile ya kufunikia chakula, niibandike juu ya pale penye doa, pande zote nne zizibwe kwa gundi ya plastiki, niiache siku mbili. Ikilowa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa yetu: mvuke, pumzi, nguo. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka nyuma. Niliibandua mbele ya mume wangu, ambaye hakuamini uganga ule. Nyuma ya foili maji yalikuwa yanachuruzika.

Juu yetu ni bafu la jirani. Nyumba hizi hazikujengwa na mabafu juu ya kila chumba. Yameongezwa baadaye, kila familia yake, na mabomba yamepitishwa pale palipopatikana upenyo. Mama wa juu alikuwa muungwana. Tulipovunja kigae kimoja tukakuta kiungo cha bomba la maji machafu kimeachia, na maji yamekuwa yakiingia taratibu kwenye sakafu yake na kwenye pembe yetu, nani ajuaye tangu lini. Kiungo chenyewe ni cha bei ya chakula cha mchana. Nje nako gata ilikuwa imetoboka, na juu kidogo kimiti kimeota ukutani, kimeingiza mizizi kwenye ufa. Kung'oa mizizi ile kulichukua muda kuliko bomba.

Nitie neno moja kuhusu viyoyozi, kwa sababu rafiki yangu wa Shangani ana tatizo la kuvu katika nyumba ambayo haina chumvi wala bomba bovu. Wageni wake wanaweka kiyoyozi nyuzi 18, wakitoka wanakizima na kufungua madirisha. Hewa ya nje, ya joto na nzito kwa unyevu, inaukuta ukuta wa baridi, inageuka maji juu yake. Kwa hewa ya kwetu, nyuzi 25 au 26 zinatosha mtu alale. Hataki kunisikia, anasema wageni wamelipia baridi.

Turudi kwa Mzee. Sasa nilikuwa najua tatizo ni nini, lakini nyumba si yangu, na hapa ndipo mpangaji wa Mji Mkongwe anapokwama. Historia ya nyumba hizi ni nzito. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyingi zilitaifishwa, watu wakaingizwa humo kwa kodi ndogo, na kodi ndogo haitengenezi paa. Nyingine ni za wakfu, nyingine za warithi waliotawanyika, mmoja Muscat, mmoja London, mmoja hapa hapa na hana uwezo. UNESCO iliuorodhesha mji mwaka 2000, wageni wakaongezeka, na tangu hapo chumba kilichotengenezwa vizuri kina njia ya haraka ya kuwa nyumba ya wageni. Mpangaji anayetengeneza ukuta kwa pesa zake anaweza kuwa anamtengenezea anayekuja na dola. Wako waliofanya kazi nzuri kuliko yangu wakaambiwa wahame mwaka uliofuata.

Kwa hiyo sikwenda na malalamiko, nilikwenda na vitu. Picha, zenye tarehe, tangu ukuta ulipoanza kuumuka hadi saruji mpya ilipoachia. Ile foili. Kipande cha saruji kilichobanduka, nyuma yake kimeganda chumvi nene kama kucha. Na bei mbili za fundi: bei ya kupiga saruji kila baada ya masika, na bei ya kupiga chokaa mara moja. Mzee alikishika kile kipande muda mrefu. Marehemu baba yake, akasema, alikuwa akipaka chokaa kila Shaabani, na yeye alidhani ni umasikini.

Tukaandikiana. Karatasi moja, mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa: yeye ananunua chokaa na kumlipa fundi, sisi tunabeba kifusi na vibarua, gharama yetu inakatwa kwenye kodi, na kodi haipandi kwa miaka miwili baada ya kazi kwisha. Ruhusa ya matengenezo ikaombwa kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, maana humu huvunji ukuta kwa kuamka tu ukataka.

Saruji ilitolewa kwa tindo na nyundo hadi juu ya usawa wa kifua, taratibu, kwa sababu pale iliposhika inang'oka na jiwe lake. Kisha ukuta uliachwa uchi kusi nzima. Hilo ndilo lililonitoa jasho kuliko vumbi lenyewe: kukaa miezi na mawe yaliyo wazi ukumbini, mgeni akija unaanza kujieleza. Lakini upepo wa kusi unakausha, na mawe yalibadilika rangi mbele ya macho yetu, kutoka udongo wa chungu kibichi hadi weupe. Chumvi iliendelea kutoka, tukaendelea kuipiga burashi.

Chokaa ililetwa ikiwa imeshalowekwa na kulala shimoni wiki kadhaa, nzito kama samli iliyoganda, na mchanga ulikuwa wa bara, si wa ufukweni, kwa sababu mchanga wa pwani unakuletea chumvi mpya. Fundi alipiga tabaka nyembamba, akasubiri, akapiga nyingine, na kila jioni ilikuwa kazi ya binti kuurashia ukuta maji. Nilidhani ni kichekesho, ukuta tuliousubiri ukauke sasa tunaulowesha. Lakini chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikaushwa haraka inapasuka na kuwa vumbi.

Imepita masika moja tangu wakati ule. Chini kabisa, upana wa kiganja, panakuwa peusi mvua zikizidi, kisha panakauka penyewe. Pembe ya chumbani ni safi. Ukuta wa chokaa una adabu zake: ukiuegemea na baibui jeusi unaondoka na mgongo mweupe, na picha nzito hazitundikwi. Samani zote zimekaa shubiri moja kutoka ukutani. Ubao wa kabati tuliutupa, godoro pia. Kikohozi cha binti kimepungua. Daktari hakusema ni ukuta, alisema tu nyumba yenye unyevu si ya mtoto mwenye kifua, na Shirika la Afya Duniani lilishaandika hivyo tangu mwongozo wake wa 2009.

Wiki iliyopita Mzee alipita, akakaa, akanywa kahawa, akausifu ukuta sana. Alipokuwa anavaa viatu akasema kuna mtu anatafuta nyumba upande huu, anatoa kodi nzuri. Nikamwambia, “Mzee wangu, karatasi yetu bado ina mwaka na nusu.” Akasema anajua, alikuwa anazungumza tu. Kisha akaniomba namba ya yule fundi wa Mkunazini, ana nyumba nyingine Malindi, wapangaji wake wanalalamika.